Tangazeni wimbo kabla ya mgeni rasmi: msimu wa muziki wa London na kwaya zetu za Mtwara na Lindi

Mleta uzi (Mtwara mjini)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia moja ya hapa mjini, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia msimu wa muziki wa London kwa simu yangu na spika ndogo iliyo juu ya kabati. Tamasha linaloanza London saa moja na nusu jioni wakati wa kiangazi chao, kwetu linaanza saa tatu na nusu usiku, watoto wakiwa wamelala na mtaa umetulia, kwa hiyo huenda nasikiliza vizuri kuliko baadhi ya waliolipa kiingilio.

Kilichonifanya niandike ni bango. Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikasoma tangazo la tamasha letu la kwaya. Juu kabisa lilikuwapo jina la mgeni rasmi kwa herufi kubwa, kisha picha yake, kisha jina la kwaya, ukumbi na kiingilio. Katika nyimbo tulizozifanyia mazoezi kwa miezi mitatu haukutajwa hata mmoja. Niseme wazi kwamba bango hilo niliandika mimi mwenyewe, na ndiyo maana lilinikera.

Kule bango huanza na kazi itakayosikika. Litasema, kwa mfano, Misa ya Marehemu ya Verdi, mtunzi wa Italia, kisha tarehe, ukumbi, okestra, kwaya, mwongozaji na waimbaji wanne wa sauti za peke yao. Mtu hununua tiketi miezi kadhaa kabla kwa sababu anaitaka Misa hiyo, ambayo ilisikika mara ya kwanza Milan tarehe 22 Mei 1874, katika kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kifo cha mwandishi Alessandro Manzoni. Waziri akiwapo ukumbini, atakaa kwenye kiti chake, na hakuna atakayeisimamisha kwaya ili yeye aseme machache. Nilipoisikiliza Misa hiyo kwa mara ya kwanza, kwaya ilipoingia kwenye sehemu ya Siku ya Ghadhabu, ile ngoma kubwa iliipiga spika yangu hata ikaanza kutembea taratibu kuelekea ukingoni mwa kabati. Nikaidaka kwa mkono nikaendelea kuishikilia mpaka sehemu hiyo ilipokwisha.

Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa maana ya msimu. Oktoba ikiingia na korosho zikianza kudondoka, mwalimu wa kwaya anajua kwamba nusu ya tena na besi, yaani sauti za wanaume, wako shambani au ghalani, na ratiba ya mazoezi hubadilika mpaka minada ipite. Msimu wa muziki wa London nao una kalenda yake. Kuanzia Septemba hadi Juni hivi, okestra hupiga katika kumbi kama Royal Festival Hall, uliofunguliwa mwaka 1951, na Barbican, uliofunguliwa mwaka 1982. Kisha katikati ya Julai huanza matamasha ya Proms katika Royal Albert Hall, ambayo huendelea takriban wiki nane, karibu kila siku, hadi Septemba.

Proms hizo zilianza tarehe 10 Agosti 1895 katika ukumbi ulioitwa Queen's Hall. Robert Newman, aliyekuwa meneja wa ukumbi, alimpa kijana Henry Wood kazi ya kuongoza okestra, na nia yake ilikuwa kuwazoesha watu wa kawaida muziki mkubwa hatua kwa hatua, akianza na vipande vyepesi na kiingilio cha shilingi moja. Watu walisimama, walitembeatembea, hata kuvuta tumbaku ndani. Mpaka leo zipo nafasi zaidi ya 1,000 za kusimama, na katika misimu ya karibuni ziliuzwa kwa pauni 8, nyingi zikiwa mbele kabisa, karibu na okestra kuliko viti vya bei kubwa. Hapa kwetu mbele ni pa viti vya kitambaa cheupe na maji ya chupa.

Wanaoimba ni akina nani? Okestra ni za watu wanaolipwa: London Symphony ya mwaka 1904, BBC Symphony ya mwaka 1930, London Philharmonic ya mwaka 1932, Philharmonia ya mwaka 1945 na Royal Philharmonic ya mwaka 1946. Lakini kwaya kubwa zinazosimama nyuma yao, kama BBC Symphony Chorus ya mwaka 1928 au London Philharmonic Choir ya mwaka 1947, ni za watu wa kujitolea. Ni walimu, wauguzi, makarani na wastaafu, ambao hutoka kazini jioni na kwenda mazoezini kama sisi. Sikupata kuamini mpaka niliposoma zaidi ya mara moja. Nilidhani sauti zile ni za watu wasiofanya kazi nyingine yoyote.

Basi hoja yangu ni hii: kwaya tunazo, na sauti tunazo. Kinachotukosesha msikilizaji ni kwamba hatumwambii anakuja kusikiliza nini. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji wa Lindi

Mwalimu, uzi wako ni mzuri, lakini naona umeruka mtaro. Wenzetu wana okestra ya watu 80 na ukumbi uliojengwa kwa ajili ya muziki. Mimi huku Lindi nina kinanda kimoja chenye vibonye viwili visivyolia, spika mbili, na vipaza sauti vinne ambavyo waimbaji hugombania kuvisogelea. Na swali langu la kweli ni hili: kwaya ya watu 100 inasikikaje juu ya tarumbeta na ngoma bila vipaza sauti? Au vimefichwa?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Lindi, havikufichwa. Katika matamasha ya namna hii kwaya husikika kwa nguvu zake. Kwanza hukaa nyuma ya okestra kwenye ngazi zilizoinuka, kila safu juu ya vichwa vya safu iliyo mbele, ili sauti ipite juu ya fidla badala ya kugonga migongo. Pili, mtunzi mwenyewe amekwisha kufanya hesabu: kwaya inapotamka maneno ya maana, mara nyingi amepunguza tarumbeta au amezipa noti ndefu za chini. Tatu ni ukumbi, na hapo hata wao walihangaika. Royal Albert Hall ulipofunguliwa mwaka 1871 kuba lake lilirudisha mwangwi kiasi kwamba watu walitania kuwa ndio ukumbi pekee ambamo mtunzi wa Kiingereza ana hakika ya kusikia kazi yake mara mbili. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1969, ndipo waliponing'iniza darini yale maduara makubwa yanayofanana na uyoga ili kuuvunja mwangwi.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaiweka kwaya chini ya feni, tunaweka kipaza sauti mbele ya soprano wawili wenye nguvu, kisha mpiga kinanda anafungua sauti mpaka mwisho, na alto 15 wa nyuma, wale wanawake wa sauti ya chini, wanaimba kwa ajili ya malaika tu.

Niwape kisa changu. Mwaka mmoja, katikati ya wimbo wa sadaka, umeme ulikatika. Kinanda kikanyamaza, spika zikanyamaza, feni zikaanza kupunguza mwendo. Niliwaonyesha kwa mikono waendelee, nao wakaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mwalimu wao niliwasikia alto. Watu kanisani waliinua vichwa. Beti mbili nzima ziliimbwa hivyo. Kisha umeme ukarudi, mpiga kinanda akaingia kwa furaha na ufunguo wake, ndipo tukagundua kwamba kwaya ilikuwa imekwisha kushuka karibu nusu toni bila mtu kujua. Mgongano uliotokea hapo sitaueleza, maana waliokuwapo bado wananitania.

Kushuka huko si aibu ya kwaya za Kusini peke yake. Oratorio (kazi ndefu ya kidini ya kwaya na okestra isiyoigizwa) ya Elgar, mtunzi Mwingereza, iitwayo The Dream of Gerontius ilipoimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham, tarehe 3 Oktoba 1900, chini ya Hans Richter aliyekuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa zama zile, kwaya ilishuka na kuyumba mbele ya watu. Mwalimu wao wa kwaya, Charles Swinnerton Heap, alikuwa amefariki miezi michache kabla, nafasi yake ikashikwa na mzee aliyeitwa kutoka kustaafu, na nakala za muziki zilichelewa. Wimbo ulikuwa mzuri na mwongozaji alikuwa hodari, lakini mazoezi hayakutosha. Karibu miaka 41 baadaye kazi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kupendwa mno, hata ikawa ya mwisho kusikika Queen's Hall: iliimbwa mchana wa tarehe 10 Mei 1941 chini ya Malcolm Sargent, na usiku wa siku hiyo mabomu ya Wajerumani yakauteketeza ukumbi pamoja na ala nyingi za London Philharmonic. Proms zikahamia Royal Albert Hall mwaka huo huo.

Mchangiaji wa Mikindani

Assalaam alaykum. Mwalimu, mimi si mtu wa kanisani, lakini muziki umenilea, kwa hiyo niruhusu nitie neno.

Watu wa pwani si wageni wa okestra. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianza mwaka 1905, mwaka mmoja tu baada ya hiyo London Symphony uliyoitaja, na ndani yake mna fidla, udi, ganuni na waitikiaji. Marehemu babu yangu alikuwa akisema fidla ya taarabu hulia na ya Wazungu huimba, na mimi sijapata kuamua kama alikuwa anaisifu ipi.

Langu ni kuhusu adabu ya kusikiliza. Kwenye taarabu mtu akiguswa na beti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji, na hakuna anayeona kwamba amevunja muziki. Nimetazama hayo matamasha ya Ulaya unayoyasema: watu wamekaa kama wanaosubiri matokeo ya hospitali, na mtu akipiga makofi mahali pasipotakiwa anatazamwa vibaya. Je, unataka kutunyang'anya vigelegele?

Mleta uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Mikindani. Hilo swali limenikaa siku mbili kabla ya kulijibu.

Ukimya ule si wa tangu zamani kama watu wanavyodhani. Mtunzi Mozart alipokuwa Paris mwaka 1778 alimwandikia baba yake barua ya tarehe 3 Julai akimsimulia simfonia yake mpya, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, ilivyopokelewa. Anasema alikuwa ametia kipande alichojua kitawafurahisha, na kweli wasikilizaji wakapiga makofi papo hapo, muziki ukiendelea, naye akafurahi kiasi cha kwenda kula aiskrimu baadaye. Alikipanga kipande hicho ili washangilie! Ukimya wa katikati ya sehemu za simfonia ni desturi iliyokomaa baadaye, na hata leo kwenye Proms makofi husikika mara nyingi baada ya sehemu ya kwanza, hasa ikiwa imeishia kwa kishindo.

Kwa hiyo vigelegele sivigusi. Ninachokililia ni ukimya wa aina nyingine, ule wa mshereheshaji. Ninyi kwenye taarabu mtunzaji huja na pesa yake akarudi kitini, na ganuni haikukoma. Kwetu kwaya ikifika kwenye pumzi ya mwisho ya wimbo, kabla mwangwi haujatulia, mshereheshaji amekwisha kushika kipaza sauti anauliza wangapi wamebarikiwa.

Mzee wa Masasi

Mwanangu mwalimu, nimekusoma tangu juu. Umeeleza mengi ya London, lakini umesahau kitu kimoja cha London ambacho unakishika mkononi kila Alhamisi ya mazoezi, nacho ni solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi.

Zile herufi d, r, m, f, s, l, t tunazoandika ubaoni zilienezwa na mchungaji John Curwen, aliyekuwa na kanisa Plaistow, mashariki ya London. Yeye alizichukua kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich aitwaye Sarah Glover, akazitengeneza ili watoto na wafanyakazi wasiojua noti za mistari waweze kuimba sauti nne. Sehemu kubwa ya umati wa waimbaji wa karne ya 19 kule Uingereza walijifunza kwa solfa, na wamisionari wakaitawanya duniani. Hata Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa kwaya aliyeandika nyimbo zake kwa solfa.

Na kwa kuwa unapenda miaka, nikupe mmoja wa kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika hapa Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji na kanisa. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Bach Choir ya London ilikuwa ikiimba Misa ya Bach katika ufunguo wa B ndogo, nzima kwa mara ya kwanza Uingereza. Na ni tangu mwaka huo 1876 ndipo Royal Choral Society ilipoanza desturi ya kuimba Messiah, oratorio ya mtunzi Handel, katika Albert Hall kila Ijumaa Kuu. Kwa hiyo usiwaeleze vijana kana kwamba wenzetu walituacha miaka elfu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimekubali, na nimeaibika kidogo, maana nimefundisha solfa miaka 16 bila kujua ilitoka Plaistow.

Mweka hazina wa kwaya (Mtwara)

Kaka mwalimu, pole na kazi. Mimi nashika daftari la pesa, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa daftari.

Unasema tuliondoe jina la mgeni rasmi juu ya bango. Sare tulizovaa Pasaka zilinunuliwa na nani? Kinanda tunachopiga kilitoka kwa nani? Tamasha la mwisho kiingilio cha watu wote ukumbini hakikufika hata nusu ya bahasha moja ya mgeni rasmi. Hao wa London wana serikali, wana redio, wana matajiri. Usituvunjie daraja kabla hujatuonyesha mtumbwi.

Mleta uzi

Dada, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na sitajifanya nina jibu kamili.

Ni kweli kwamba hata kule pesa ni vita. BBC Singers, kwaya ya kulipwa iliyoanza mwaka 1924, ilitangaziwa mwezi Machi 2023 kwamba itafungwa. Zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi kupinga, na uamuzi ukarudishwa nyuma. Nakuomba utazame hilo kwa jicho la daftari: waliookoa kwaya ile walikuwa wasikilizaji, na wasikilizaji hao walipatikana kwa kuzoeshwa kazi miaka mingi.

Tena harambee si kitu chetu peke yetu. Messiah yenyewe, ambayo Handel aliitunga kwa siku 24 mwaka 1741, iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742 kwa ajili ya kuchangisha pesa za hospitali mbili na za kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Hamu ilikuwa kubwa mno hata wanawake wakaombwa waje bila yale matao yaliyopanua magauni, na wanaume waache panga nyumbani, ili watu 700 waenee ukumbini. Pesa zilizopatikana ziliwatoa wafungwa 142. Tangazo lilitaja oratorio mpya ya Handel. Watu walibanana kwa sababu ya oratorio, na hospitali zikapata.

Sasa nitoe pendekezo, nalo si langu. Tangu mwaka 1974 hufanyika Albert Hall tamasha la Messiah ambalo kwaya yake ni wasikilizaji wenyewe. Unanunua tiketi, unakuja na nakala yako, unakaa upande wa sauti yako, soprano huku, besi kule, okestra inaanza na ukumbi mzima unaimba. Chicago nao walianza la kwao mwaka 1976.

Aleluya Kuu ya Handel, iliyomo ndani ya Messiah hiyo hiyo, ni kwaya gani ya hapa isiyoijua kwa Kiswahili? Kila Pasaka inaimbwa parokia baada ya parokia, kila kwaya peke yake, kila moja ikijiona ndiyo yenye tena hodari. Nasema tukutane Dominika moja alasiri baada ya Pasaka, korosho zimekwisha na watu wamerudi mjini, kwaya za Mtwara, Lindi na Masasi, za madhehebu yote, tukae kwa sauti na siyo kwa kwaya. Bango liseme "Aleluya Kuu ya Handel, njoo uimbe". Jina la mgeni rasmi, dada, tuliweke chini, lakini tusilifute, na bahasha yake tuipokee kwa mikono miwili.

Na ndugu wa Mikindani, tunahitaji fidla.

Mchangiaji wa Mikindani

Fidla nitakuja nayo. Mkiimba kwa kushuka nusu toni nitawafuata, sisi tumezoea.

Mweka hazina wa kwaya (Mtwara)

Nakubali kwa sharti moja: herufi za jina la mgeni zisipungue kuliko za kiingilio. Kanisani ninazo kadi za sare za mwaka juzi, nyuma zake ni nyeupe, tunaweza kuchapia tiketi. Nakala za muziki ni ngapi?

Mleta uzi

Ninazo 14 za solfa, zote zimetolewa kwenye nakala moja ya zamani. Ukurasa wa nne umetoboka mahali pabaya, pale wengine wote wanaponyamaza na besi kuingia peke yao na yale maneno ya kutawala milele na milele, na kwa miaka yote besi wangu wameimba kipande hicho kwa kukumbuka. Mzee wa Masasi, kama unayo nakala nzima, naomba utupigie picha ukurasa huo tu.